Je, mlima wa mawe hauporomoki?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kigoma. Mdogo wangu anaishi Mayotte, na juzi alinitumia kwenye simu picha ya ramani ya mtaa wao. Penye rangi nyekundu hairuhusiwi kujenga, penye bluu unajenga kwa masharti. Nami nimeonyeshwa kiwanja upande wa Bangwe, mita 20 kwa 20, kilimani, ziwa lote unaliona. Dalali ananiambia nisihofu, kwamba maporomoko ni mambo ya milima ya volkano kama kule Katesh, na mlima wa mawe hauporomoki. Naomba kujua ramani kama ile inatengenezwaje, kama mwanangu aliye chuo anaweza kututengenezea ya Kigoma kwa kompyuta yake, na kama ninunue.

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nianze na dalali, maana maneno yake ni ya kweli nusu, na kweli nusu ndiyo inayouza viwanja.

Mlima Hanang, ulio juu ya Katesh, ni volkano, hilo amesema sawa. Ila ni volkano iliyokwisha kuzimika, na asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 haukulipuka. Mvua ilinyesha, mawe dhaifu ya juu yakanywa maji hadi yakashindwa kujibeba, kipande cha mlima kikameguka. Kikaingia kwenye makorongo, kikateremka Katesh na vijiji vya jirani kikiwa tope, mawe na magogo, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kazi ilifanywa na maji pamoja na mteremko. Mchango wa volkano ulikuwa ni aina ya mawe iliyoyaacha pale miaka mingi iliyopita.

Sasa njoo ufukweni mwa ziwa letu hili hili. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa iliteremsha tope na mawe kutoka vilima vilivyo juu ya Bujumbura, na zaidi ya watu 60 wakafa. Vilima vile si volkano. Ni kingo za Bonde la Ufa, ndugu wa vilima unavyoviona ukisimama Kibirizi ukatazama kaskazini kuelekea Gombe. Kwa hiyo mlima wa mawe huporomoka. Unachotakiwa kuuliza ni unaporomoka kwa namna gani, na hapo ndipo ramani ya mdogo wako inapotufaa na pia inapoweza kutupoteza.

Ramani ile ni ya Mayotte, na Mayotte ni kisiwa cha volkano. Visiwa vya volkano vina tabia zao. Kwanza, mlima wenyewe umejengwa kwa matabaka yasiyopatana. Lava ngumu, yaani mwamba uliotoka umeyeyuka ukaganda, imelala chini, juu yake majivu, juu ya majivu udongo wa kale, kisha lava nyingine imekuja kuufunika. Mvua hupenya kwenye nyufa za lava bila shida, hushuka hadi ikutane na yale majivu ya zamani ambayo sasa yamegeuka mfinyanzi, na hapo husimama. Maji yakijaa pale, kila kilicho juu hukaa kama godoro lililowekwa kwenye sakafu iliyomwagwa maji ya sabuni. Pili, penye joto chini ya ardhi, mvuke na gesi hupika mwamba kutoka ndani mpaka unalainika, huku kwa nje ukiuona mzima. Tatu, bahari inakula miguu ya mlima kila siku. Na nne, mvua yenyewe. Pale Foc-Foc, kwenye kisiwa cha Réunion, tarehe 7 na 8 Januari 1966 zilipimwa milimita 1,825 ndani ya saa 24, na rekodi hiyo ya dunia bado inasimama. Kigoma tunapata kama milimita 1,000 kwa mwaka mzima. Hebu fikiria mvua yetu ya miezi yote, na zaidi ya robo tatu yake tena, imwagike kati ya alasiri ya leo na alasiri ya kesho.

Hata visiwa hivyo havifanani. Chukua Komoro. Ngazidja ni kisiwa kichanga. Lava yake ina vitundu na nyufa nyingi, maji huzama moja kwa moja, na mito ya kudumu karibu haipo. Hatari yake inafuata mlima Karthala. Ulipolipuka mwaka 2005 ulitupa majivu mengi, na mvua zilizofuata zikayateremsha vijijini yakiwa tope. Mayotte ni kisiwa kikongwe kuliko vyote vya safu ile. Mwamba wake umeoza ukawa udongo mwekundu mzito, na maporomoko yake mengi ni ya udongo huo. Safu moja ya visiwa, bahari moja, lakini ukiichukua ramani ya Mayotte ukaivika Ngazidja umekosea. Ndiyo maana nasema mbinu ya kutengeneza ramani inasafiri, ila namba zake zinabaki kwao.

Kuna jambo moja zaidi la visiwani ambalo sisi hatunalo. Pale ubavu mzima wa mlima unaweza kuingia baharini. Huko Fogo, Cabo Verde, miaka kama 73,000 iliyopita ubavu wa mashariki ulianguka na wimbi lake likapandisha mawe makubwa juu ya kisiwa cha jirani cha Santiago. Siku za karibuni tumeona Anak Krakatau, Indonesia, tarehe 22 Desemba 2018: upande wa kusini-magharibi ulizama, tsunami ikaua zaidi ya watu 400. Watafiti walikuwa wamekwisha kupiga hesabu ya anguko la upande huo huo na kuichapisha mwaka 2012. Tukio la aina hiyo haliingii kwenye ramani moja na kipande cha udongo kinachokatika nyuma ya jiko la mtu. Moja linakuja baada ya maelfu ya miaka, lingine kila masika. Ukiona ramani iliyoyachanganya, iweke pembeni.

Haya, inatengenezwaje?

Watu wengi, wakiwemo wanafunzi niliowasimamia, hudhani kazi inaanzia kwenye mteremko: unachora palipo na mwinuko mkali, unapaka nyekundu, umemaliza. Hiyo ni ramani ya mteremko. Ramani ya maporomoko huanza na kumbukumbu, yaani orodha ya kila poromoko lililokwisha kutokea, mahali pake, ukubwa wake, tarehe yake kama inajulikana, lilianzia wapi na lilikomea wapi. Ardhi ina mazoea kama binadamu. Kwenye kisiwa cha Ischia, Italia, tope liliteremka Casamicciola mwezi Novemba 2009 na kuua. Novemba 26, 2022 likateremka tena mji ule ule, likaua watu 12. Huko Réunion, mwaka 1875, ukuta wa mlima uliangukia bonde la Salazie na kufunika makazi ya watu zaidi ya 60, na mpaka leo kwenye bonde lile kuna sehemu za ardhi zinazoteleza polepole na wanasayansi wanazipima mwaka hadi mwaka.

Orodha hiyo hupatikana wapi? Picha za ndege za zamani, picha za satelaiti, magazeti, kumbukumbu za wahandisi wa barabara, na miguu yako mwenyewe. Nami naongeza wazee. Ukienda vijijini huku kwetu ukauliza “maporomoko ya ardhi” utajibiwa hapana, hayapo. Uliza mlima ulikatika wapi, shamba la nani lilishuka. Kwa wenye asili ya ng’ambo ya mpaka, tumia neno la Warundi na Wanyarwanda, inkangu, utaona mzee ananyanyua fimbo na kuonyesha. Kumbukumbu ya mtu aliyepoteza mihogo yake ina tarehe nzuri kuliko satelaiti nyingi.

Tahadhari moja hapa. Orodha nyingi zimekusanywa na watu waliokuwa kwenye gari. Matokeo yake maporomoko yote yako kandokando ya barabara, na kompyuta ikichambua inatangaza kwamba barabara ndiyo sababu kuu. Labda ni kweli, maana kukata mlima kupitisha barabara huulegeza. Labda pia ni kwamba hakuna aliyeshuka kwenye gari.

Ukishakuwa na orodha, unaileta juu ya ramani za mambo mengine, yaani mteremko, aina ya mwamba, udongo, uoto, umbali kutoka mito, umbo la mteremko (umebonyea au umevimba, kwa sababu maji hukusanyika palipobonyea). Kisha unauliza kila moja ya ramani hizo, ambazo tunaziita matabaka: maporomoko yanakupenda kiasi gani? Hesabu yake unaweza kuifundisha kidato cha tatu. Tuseme, kwa mfano tu, eneo lako lina maporomoko 100. Miteremko ya digrii 25 hadi 35 inachukua asilimia 20 ya eneo, lakini imebeba maporomoko 60, yaani asilimia 60. Gawanya 60 kwa 20, unapata 3; mteremko huo una maporomoko mara tatu ya sehemu yake ya haki. Msitu unachukua asilimia 40 ya eneo na una maporomoko 10 tu. 10 kwa 40 ni 0.25. Kila kipande cha ardhi kinapewa alama kutoka kila tabaka, alama zinaunganishwa, na penye alama kubwa ndipo pekundu. Zipo njia nzito zaidi, zikiwemo za kompyuta inayojifunza yenyewe, lakini moyo wake ni huo.

Utashangaa kwamba miteremko mikali kupita kiasi mara nyingi hupata alama ndogo. Pale udongo hauna pa kukaa. Ulikwisha kuanguka zamani, umebaki mwamba mtupu. Kwenye kisiwa cha Izu Oshima, Japani, tarehe 16 Oktoba 2013 kimbunga kilimwaga zaidi ya milimita 800 kwa saa 24, na kilichoteleza ni ngozi nyembamba tu ya majivu, unene kama wa mita moja, juu ya tabaka gumu. Zaidi ya watu 30 walikufa kwa tabaka ambalo ungeweza kulichimba kwa jembe.

Halafu ramani lazima ipimwe. Kabla ya kuanza, ficha maporomoko 30 kati ya yale 100, tengeneza ramani kwa 70 yaliyobaki, kisha tazama kama yale 30 yameangukia kwenye nyekundu. Asiyefanya hivyo ametengeneza picha nzuri ya ukutani. Na jua kwamba mipaka ya rangi huwekwa na mtu. Kompyuta inatoa namba, mtu ndiye anayeamua nyekundu ianzie wapi, na nimeshaona ramani ambayo nyekundu ilisogezwa kidogo ikaacha eneo ambalo mtu alikuwa na haja nalo. Sitasema wapi.

Ramani ya mdogo wako imekwenda hatua mbili mbele zaidi. Ya kwanza ni wakati, maana si wapi tu, bali baada ya mvua ya kiasi gani na mara ngapi kwa karne. Ya pili ni watu na mali, kwa sababu mlima ukianguka porini hakuna msiba. Kisha sheria ikaja juu yake. Mipango ya namna hiyo ya nyekundu na bluu imetokana na sheria ya Ufaransa ya mwaka 1995, na Mayotte iko chini ya Ufaransa. Kwa hiyo rangi ile nyekundu ni uamuzi wa serikali uliosimama juu ya kazi ya mjiolojia, na vitu hivyo viwili havifanani.

Ramani nyingi za wanafunzi husahau jambo hili: zinaonyesha mlima utakapokatika, hazionyeshi utakapofika. Waliokufa Katesh hawakuwa kileleni. Kipimo cha haraka ni kulinganisha urefu wa kushuka na umbali wa kusafiri. Poromoko dogo, kavu, huenda mbali kama mara mbili ya kimo lilichoshuka. Maporomoko makubwa ya milima ya volkano hufika mara tano hadi kumi, na tope lililoingia korongoni hufuata korongo kama gari kwenye lami. Mwenye nyumba tambarare kwenye mdomo wa korongo anaweza kuwa hatarini kuliko jirani yake aliyejenga kwenye mgongo wa kilima.

Sasa kijana wako. Ndiyo, anaweza kuanza leo. QGIS ni programu ya bure ya kuchora na kuchambua ramani. Data ya mwinuko iliyopimwa na chombo cha angani mwezi Februari 2000 ipo bure mtandaoni kwa vipande vya mita 30, na picha za satelaiti za Sentinel-2 ni za mita 10. Ila mwambie apige hesabu hii kwanza. Kipande kimoja cha mita 30 kwa 30 ni mita za mraba 900. Kiwanja chako ni 400. Ndani ya nukta moja ya ramani yake kinaingia kiwanja chako, cha jirani, na njia ya kupitia bodaboda, na vyote vitapewa mteremko mmoja. Ile kingo ya mita tatu ambayo fundi ameichonga wima nyuma ya nyumba, ambayo ndiyo itakayoanguka, ramani haijui kama ipo. Ramani ya namna hiyo inafaa kumwambia mkurugenzi wa manispaa aanzie kilima kipi. Kumwambia Mwalimu anunue au asinunue, hapana.

Kama anataka kazi yenye maana, aanze na makovu. Akae na picha za satelaiti za vilima vyote kuanzia Bangwe mpaka mpaka wa Burundi, aweke alama kila penye kovu jekundu kwenye majani, halafu aende kwa miguu kuhakiki. Si jambo geni hapa. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa mwaka 1994 na taasisi ya hayati Dk. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, ulishawakalisha wanakijiji wa pembezoni mwa Gombe mbele ya picha za satelaiti za vijiji vyao wakasoma wenyewe mashamba, misitu na vyanzo vya maji, wakapanga matumizi ya ardhi. Watu waliweza kuonyesha kwa kidole mti fulani na kaburi fulani. Kuwaomba waonyeshe mlima ulipokatika ni hatua fupi tu.

Tuje kwenye kiwanja.

Miamba ya vilima vya mji wetu kwa sehemu kubwa ni ya mchanga ulioganda na kukakamaa, mawe magumu yaliyopangana kwa matabaka. Dalali akiligonga kwa nyundo litalia kama kengele, naye atatabasamu. Ugumu wa jiwe moja hausemi kitu. Tazama matabaka yamelala upande gani. Yakiwa yameinamia ndani ya kilima, yanajishikilia yenyewe, kama vitabu kwenye kabati lililoegemea nyuma. Yakiwa yameinamia nje, kuelekea ziwani, ni vitabu kwenye rafu iliyopinda mbele. Ukiondoa kitabu cha chini, vya juu vinakuja. Na kukata kiwanja ni kuondoa kitabu cha chini. Kati ya tabaka na tabaka mara nyingi kuna utando mwembamba wa udongo laini, na ukilowa ndio sabuni ile niliyoitaja. Nenda kwenye mkato wowote wa karibu, wa barabara au wa msingi wa jirani, usimame ubavuni utazame. Huhitaji kifaa.

Sipendi hata kidogo namna tunavyojenga vilimani. Fundi anachonga upande wa juu, udongo uliotoka anausukuma upande wa chini, anausawazisha, na nusu ya nyumba inakaa kwenye udongo mgeni usioshindiliwa. Upande wa juu kuna ukuta wa udongo ulio wima, hauna hata jiwe la kuuegemeza. Halafu maji ya bati lote yanamwagwa nyuma ya nyumba, na shimo la choo linachimbwa juu ya mkato ule ule, kwa hiyo kilima kinanyweshwa hata kiangazi. Hapo huhitaji volkano wala milimita 1,825. Mvua moja nzuri ya Desemba inatosha.

Kwa hiyo ukienda Bangwe, usiende Agosti, maana Agosti kila kiwanja ni kizuri. Nenda mvua zikishakolea, Desemba au Januari, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Tafuta nyufa ardhini zilizojipinda kama mwezi mwandamo, upinde wake ukielekea juu. Tazama miti kama imepinda shinani kisha ikanyooka, dalili kwamba ardhi inasogea nayo inajitahidi kusimama. Nguzo za umeme na za uzio zimeegemea? Kuna maji yanayotoka mahali ambapo kiangazi palikuwa pakavu? Waulize majirani kama milango yao hukwama, na kama ukuta ulipata ufa tarehe 5 Desemba 2005, lilipotokea lile tetemeko la ukubwa wa 6.8 ziwani. Ufa wa siku ile uliotulia ni habari moja. Ufa uliozibwa kila mwaka na kila mwaka unafunguka ni habari nyingine. Kisha geuka utazame juu yako, mpaka kilele, na ufuate kwa macho kila mfereji wa maji unaokuja upande wako.

Nyufa za mwezi ukiziona, au kiwanja kikiwa mdomoni mwa korongo, usinunue hata kwa nusu bei. Matabaka yakiinamia ziwani, nunua kama tu uko tayari kujenga bila kukata sana, nyumba ikapanda kwa ngazi kufuata kilima, maji ya bati yakakingwa na kupelekwa mbali kwa mtaro wa zege, na ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji upande wa juu. Gharama yake omba kwa mhandisi kabla ya kulipa dalali, maana inaweza kukaribia bei ya kiwanja chenyewe. Matabaka yakiinamia ndani na hakuna dalili nyingine, mimi ningeendelea na mazungumzo ya bei.

Nipigie picha mbili za ule mkato ulio karibu, moja kutoka mbele na moja kutoka ubavuni, mtu akiwa amesimama pembeni yake ili nijue kimo. Ya ubavuni ndiyo muhimu. Ukikosa nafasi, niletee hiyo peke yake.